Maji Yaliyonitia Hofu ya Uzee

Mjukuu wangu Mwajuma,

Nakusalimu kutoka Mbwera. Sisi wazima, mama yako yuko shamba anavuna mpunga. Umeuliza kwa nini vidole hukunjamana vikikaa majini.

Nilipokuwa kigori nilidhani maji yananizeesha. Tukivua kambale kwa mikono kwenye madimbwi ya shambani, nilitoka kila mara kuvikausha vidole, na samaki wakaniponyoka. Bibi yangu akafoka: "We Siwema, tulia majini! Kidole kikikunjamana ndipo kinaposhika." Nikatulia, na kweli nikamshika mmoja.

Sababu waulize walimu wako wa uuguzi huko Dodoma. Waulize na hili: vyangu siku hizi vimekunjamana bila maji, mbona vikombe vinaniponyoka?

Bibi yako,
Siwema