Pistoni Imeambiwa?

Fundi Ekisa wa Malaba, wewe ni mtu mzima na unaogopa kuomba bonge la udongo. Nimeona aibu kwa niaba yako. Barua yako naiweka hapa yote, watu wa Busia waisome, halafu nitakujibu.

"Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa sababu kichwa changu kimechoka, mimi ni fundi wa magari na jina langu linajulikana mpaka Bumala, sasa Bwana Phanuel ameniletea gari lake la Cortina la mashindano ya Jumamosi na kamshafti mpya ya mbio, ile inasukuma valvu zifunguke zaidi, nikaifunga, na mke wangu Amuron, ambaye hufinyanga vyungu hapo kando ya gereji, akauliza, 'Baba Asio, valvu zikishuka zaidi, pistoni imeambiwa?' madereva wa malori wakacheka na mimi nikamwambia arudi kwa vyungu vyake, kumbe nilipozungusha injini kwa mkono nikasikia kitu kimegusa, kidogo tu, kama jino limekutana na jiwe kwa maharagwe, nikawaambia ni ugumu wa upya, lakini mwalimu wangu wa Tororo alitufundisha kubandika udongo laini juu ya pistoni tupime nafasi, na hapa udongo usio na mchanga ni wa Amuron peke yake, na tangu siku hiyo ananiwekea chakula mlangoni na kurudi kwa vyungu vyake, je, niwashe tu injini nimwachie Mungu, ama nifanye nini?"

Umwachie Mungu? Mungu hakufunga hiyo kamshafti. Ni wewe.

Mimi darasa la pili sikumaliza, lakini marehemu mume wangu alitengeneza malori Butula miaka ishirini, na udongo wa kupimia nilimkandia mimi, kwa mikono hii hii. Hakuna injini yake iliyogonga valvu. Hata moja. Kwa hivyo usinitishe na Bumala. Valvu ikigonga pistoni kwa mbio, inapinda, pistoni inatoboka, na Phanuel anabaki njiani na moshi. Hapo jina lako litafika Kampala.

Lakini uliusikia huo mguso, na haujakuacha ulale. Fundi mbovu hasikii. Hiyo nakupa.

Sasa fungua hedi, hicho kifuniko cha juu ya injini, uangalie kama kuna valvu imepinda. Bandika udongo pale valvu zinashukia, paka valvu mafuta zisinate. Rudisha hedi na gasketi ya zamani, kaza, seti valvu, halafu zungusha kwa spana mara mbili kamili, polepole. Ikikataa, usilazimishe. Fungua tena, kata udongo kwa wembe, pima palipo pembamba kabisa. Kamshafti ikiwa ilikuja na karatasi yake, fuata karatasi. Mzee wangu alitaka milimita mbili kwa valvu ya kuingiza hewa, mbili na nusu kwa ya moshi, maana hiyo hushika moto ikarefuka. Ikipungua, rudisha kamshafti ya zamani, Phanuel akasirike akitaka.

Na huyo mama aliuliza swali la fundi. Wewe ndiye ulijibu kama turniboi wa kupakia lori.

Kesho asubuhi, madereva wale wale wakiwa wamekaa, nenda kwa Amuron useme kwa sauti, "Mama Asio, uliuliza vizuri. Naomba udongo." Ukishafunga hedi, mpe yeye spana azungushe. Wewe shika kopo la mafuta.