Mapengo ya Masoudi

Prisca, Linus wa ofisini kaendesha ile programu ya kunyoosha msimbo wa kompyuta kwenye mafaili yote aliyoandika marehemu Masoudi.

Yote!

Mjane wake karudi kutoka Nkowe, Linus anamwambia kwa furaha, "Dada Faudhia, nimekunyooshea kazi ya shemeji, sasa inafanana."

Masoudi akiinuka kwenda kuswali alikuwa akiacha mistari mitatu mitupu, ajue pa kuendelea. Faudhia alikuwa akiyaangalia hayo mapengo kila asubuhi. Pengo la alasiri, chini yake mistari minne, basi. Hapo ndipo mumewe alipoanguka.

Programu imeyafuta. Nakala nyingine hakuna.

Unajua Faudhia kasemaje? "Asante, Linus."

Asante, Prisca!

Halafu kakaa mbele ya kompyuta. La alasiri kalirudisha. La adhuhuri anaweka, anafuta, anashusha kidogo, anaweka tena.