Mate Kando ya Buti za Tuva

Jumatano, likizo ya michezo, wiki ya shule kufungwa watu wacheze thelujini. Nje kijivu. Theluji imeanza kuyeyuka, inafanana na uji uliomwagika.

Leo nina kinyaa. Nakiandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi kumwambia mtu zaidi ya Mama.

Kwanza buti. Buti za ubao wa theluji ni za kuazima, na aliyezivaa kabla yangu ameniachia unyevu wake ndani. Ukitia mguu ni kama umekanyaga ulimi wa mtu. Kofia ngumu nayo inanuka nywele za watu, harufu naisikia hata kupitia mtandio.

Lakini si hayo yaliyoharibu siku. Siku nimeiharibu mwenyewe, kwa mate.

Nimefunga. Ramadhani imeangukia likizo, na nilikuwa nimeshaandikishwa kozi ya ubao. Jana tulijifunza kuanguka: unakunja ngumi, huachi viganja wazi, maana kifundo cha mkono huvunjika upesi. Leo ikawa zamu ya ollie, mruko wa wanaoanza. Unakunja magoti, unaegemea mguu wa nyuma, unavuta wa mbele juu, ubao unajipinda na kukurusha. Kidogo tu, kimo cha chapati mbili. Unaanzia mahali tambarare, umesimama, mwenzio amekushika mikono. Jonas, mwalimu wetu, hana mzaha na hilo: asiye na wa kumshika haruki.

Wa kunishika ni Tuva. Ana kicheko cha puani, na ndiye pekee kwenye kozi aliyenisemesha bila kuniuliza natoka wapi. Nilitaka awe rafiki yangu. Nimeshaandika, basi.

Kwenye mruko mmoja niliegemea mno, nikamponyoka, nikaanguka kifudifudi. Mdomo ukajaa theluji. Na ndani ya theluji kulikuwa na kifuko cha ugoro, kimoja cha vile ambavyo watu hapa hubana chini ya mdomo wa juu kisha huvitema popote. Kilichokwisha kutumika. Kilinigusa jino.

Nikatema. Nikatema tena. Niliogopa maji ya theluji yakipita kooni saumu imekwenda, na binamu zangu wa Unguja walishaniambia kwamba hata mate yako mwenyewe ukiyameza umefungua. Kwa hiyo nilitema kabla ya kila mruko na baada ya kila mruko. Kando ya buti za Tuva.

"Unaumwa?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Neno moja lingetosha, nimefunga. Ninalo kwa lugha mbili na halikutoka hata kwa moja.

Akaniachia mikono. Akajipangusa glavu kwenye suruali, akasema anapumzika kidogo. Hakurudi. Jonas akaniweka benchi mpaka saa ya kuondoka.

Wakati wa futari nikamweleza Mama. Alikuwa anamimina uji, ikabidi aweke sufuria chini acheke.

"Mate yako mwenyewe? We mtoto, nani kakwambia?"

"Binamu," nikajibu, kwa Kiswidi. Nikiona haya Kiswahili hunikimbia.

"Na sisi tulitema hivyo hivyo udogoni. Mtaa mzima watoto midomo mikavu kama magunzi." Akajifuta machozi. "Theluji iteme. Iliyopita bila kukusudia haihesabiwi. Mate yako meza, mama." Kisha akaacha kucheka. "Mwalimu anajua umefunga?"

Nikainamia bakuli langu.

"Unaruka na ubao miguuni, tumbo tupu, na hujamwambia mtu? Kesho unamwambia. Kichwa kikizunguka unafungua, siku utailipa. Shingo hailipiki."

Baada ya kuswali nikamwandikia Tuva: nimefunga, sikuwa naumwa, samahani kwa mate. Nikaifunika simu kwa mto kama vile ingeniuma.

Amejibu: "Nilidhani ni glavu zangu. Ni za kaka yangu, zinanuka vibaya. Nimezifua."

Nimelisoma jibu hilo mpaka macho yamechoka. Siku nzima najionea kinyaa mimi, kumbe kuna mtu amekaa kwenye treni ya kurudi kwao, ananusa mikono yake.

Ujumbe hautoshi. Kesho, kabla sijaufunga ubao miguuni, nitawaambia Tuva na Jonas, wote wawili, kwa mdomo huu huu.