Jina Langu Katika Hitma

Kilwa Kivinje. Jumamosi, 20 Desemba 2025

Miaka arobaini na tisa tangu niondoke. Siku ya tatu tangu nifike, kwa ziara. Asubuhi kama ya jana: chai ya tangawizi, dawa ya moyo, dawa ya presha, kisha kumtafuta Salma. Simpati. Ametoka na watoto wa jirani, miguu mitupu. Viatu vyake vya Norwei viko mlangoni kama vya mtu mwingine.

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Kule shule zimefungwa kwa likizo ya baridi mpaka Januari. Mama yake, binti yangu Rehema, ni muuguzi, na sikukuu zote huwa zamu. Kwa hiyo kila likizo hii mtoto ni wangu. Mwaka huu nimemleta kwetu.

Zainabu, mdogo wangu, ametupa chumba cha marehemu mama. Amekipaka chokaa. Jana alisema mbele ya majirani: "Kaka, nyumba hii ni yako. Rudi tukae wote." Mwanawe Juma anataka kumhamishia Mchinga. Nikirudi, Zainabu atabaki hapa na nyumba itabaki. Nisiporudi, ataifunga. Anahitaji jibu kabla hatujaondoka mwisho wa mwezi.

Jibu ninalo. Nimekuja nalo. Nitamrudisha mtoto kwa mama yake, nimalize mambo yangu, na kabla ya masika nitakuwa hapa. Moja kwa moja. Salma sijamwambia.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimetembea peke yangu mpaka sokoni, nikapita gofu la boma, nikafika inapoanzia mikoko. Mabadiliko niliyatarajia. Sikutarajia jambo dogo: hakuna anayenijua. Wanaume wenye mvi wananipa shikamoo, naitikia marahaba, wanapita. Kwa muuza kahawa waliniuliza, mgeni umefika lini? Nikasema mimi ni wa hapa. Wa nani? Nikataja jina la baba. Wakatazamana kwa adabu. Mmoja akaniagizia kikombe cha pili.

Kijana wa bodaboda aliniambia naongea kama redio ya zamani. Nilicheka. Sikufurahi.

Salma, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji na chakula, jioni amerudi anajua majina ya mtaa mzima.

Jumatano, 24 Desemba

Kule leo ndiyo siku yenyewe. Mimi na Salma hupika uji mzito wa mchele na maziwa, tukaficha lozi moja ndani yake. Atakayeipata hupewa zawadi. Wenyeji hutoa nguruwe wa sukari. Mimi humtengenezea samaki wa sukari. Krismasi si yetu, lakini mtoto anakulia pale, na giza linapoingia saa tisa alasiri mtu anahitaji kitu cha kungoja. Nilianza na Rehema akiwa mdogo.

Kivinje lozi hakuna. Zainabu akasema, kwani korosho ina nini? Akatia tui badala ya maziwa, akatia iliki. Watoto wakaja mpaka ua ukajaa. Korosho haikuonekana. Kila mmoja alidai ameimeza yeye.

"Wifi," Zainabu akamwambia Salma, "wizi huu mmetuletea kutoka kwenu."

Humwita wifi kwa sababu mjukuu ni mke wa babu yake. Salma hakuujua utani huo. Alipoelezwa, alinitazama toka juu mpaka chini. "Huyu? Mzee sana!" Ua mzima ukaangua kicheko.

Mimi nilikuwa juu ya kiti cha plastiki. Wote wengine walikuwa chini, mkekani. Magoti yangu hayakubali tena. Hakuna aliyenitenga. Waliniletea kiti kwa heshima, wakachagua kile kisicho na ufa. Nikakaa pale kama mkaguzi wa shule.

Alhamisi, 25 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Mara mbili nilianza kumpa Zainabu jibu. Mara mbili alikumbuka kitu jikoni.

Ijumaa, 26 Desemba

Hitma ya wazee wetu. Husomwa kila mwisho wa mwaka, wajukuu wakiwa likizo. Baada ya sala ya Ijumaa juzuu ziligawiwa, ubani ukafukizwa, tukasoma. Ulimi wangu haukusahau. Nilijivunia hilo kuliko inavyostahili.

Kisha Maalim Hamisi akaanza kuwaombea marehemu kwa majina. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Huyasema kwa moyo, macho amefumba, hasiti popote. Babu. Bibi. Baba. Mama. Halafu: "na Selemani bin Athumani, aliyezama baharini."

Watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia. Mdomo ulitangulia akili.

Salma ndiye aliyesikia. "Babu, si wewe huyo?" Kwa sauti ya uwanjani.

Maalim akafumbua macho. "Selemani yupi?"

"Huyu hapa," mtoto akasema, akaninyooshea kidole.

Maalim alinitazama kwa muda. "Lahaula! Kumbe dua zote hizo umekula mwenyewe. Ndiyo maana umenawiri."

Walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Nilicheka nao. Zainabu hakucheka. Aliingia jikoni na hakutoka mpaka wali ulipopakuliwa.

Jumamosi, 27 Desemba

Zainabu ameniambia yote huku akichambua mchele, bila kuinua uso. Meli niliyokuwa baharia wake ilipozama, habari zilifika Kivinje kabla ya barua yangu. Mimi nilikuwa nimeachwa hospitali, mgonjwa, katika bandari iliyotangulia, na barua ilichelewa zaidi ya mwaka. Waliweka matanga. Mama aligawa nguo zangu, akatoa kitanda changu sadaka. Zainabu aliahirisha harusi yake. Alilia, akanyamaza, akaolewa.

Barua ilipofika mama alisujudu palepale uani. Lakini jina lilikuwa limeshaingia katika kisomo, na baba yake Maalim alisema akitoa moja yatampotea yote. Likabaki. Maalim wa sasa alilipokea hivyohivyo. Kila mwaka Zainabu hukusudia kumwambia. Kila mwaka linapita, watu wanaitikia amina, wanakula.

"Nilikulilia nikamaliza, kaka," akasema. "Sijui kama nina machozi mengine." Akaenda kuosha mchele.

Sikukasirika. Nilitamani kukasirika. Nilipokuwa melini, na baadaye kule kwenye baridi, niliamini kwamba nafasi yangu hapa iko wazi na watu wanaipita kwa uangalifu. Haiko wazi. Waliifunga kwa Kurani, kwa machozi na kwa chakula cha watoto. Walinifanyia kila haki anayofanyiwa mtu.

Jumatatu, 29 Desemba

Juma amekuja na gari kutoka Mchinga kunisalimu. Tukaenda wawili kununua samaki. Alizunguka sana, kwa heshima nyingi, ndipo akafika.

"Mjomba, usinielewe vibaya. Cherehani ya mama iko kwangu tangu mwezi wa kumi. Vyombo pia, vingi."

Nikamuuliza, sasa kwa nini mama yako ananiambia nirudi?

Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni. "Angesemaje, mjomba? Wewe ndiye kaka mtu. Nyumba ya baba yenu. Akwambie usirudi?"

Nikalipia samaki, tukarudi nyumbani.

Wajukuu wa Zainabu wako Mchinga. Wanapopiga simu uso wake unakuwa wa msichana. Nimeuona siku zote hizi na sikuuelewa. Aliniambia rudi kama anavyomwambia mpita njia karibu chakula. Ni lazima aseme, na anasema kwa moyo mweupe. Mpita njia mwenye adabu hushukuru akaendelea na safari. Mimi nimeishi mno kwa watu wasiokaribisha ila wanapotaka uje. Nikavuta kiti, nikanawa mikono.

Nikisema ndiyo, atabaki. Atanipikia, ataniuguza, atanizika, na hatanung'unika hata mara moja. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumanne, 30 Desemba

Nimemwambia Zainabu kwamba sirudi. Nilisema daktari wa moyo yuko kule, na Salma bado mdogo. Yote mawili ni kweli. Alinibembeleza mara mbili, kama inavyopasa. "Kaka, hapa ni kwako." Nikakataa mara mbili. Mara ya tatu haikuja. Alikaa kitako kizingitini, akavua mtandio, akajipepea nao. Sijamwona amekaa hivyo tangu tufike. Baadaye nilimsikia uani akiimba kidogo.

Salma amelia kuagana na wenzake. Mimi sikuwa na wa kuagana naye. Nilikaa chumba cha mama mpaka magharibi. Upweke uleule wa mara ya kwanza kuondoka. Ila wakati ule nilikuwa kijana, nikadhani ni njaa.

Bergen, Norwei. Jumatatu, 5 Januari 2026

Shule zimefunguliwa. Nimemsindikiza Salma mpaka getini. Barafu njia nzima. Alinishika mkono, nadhani ili mimi nisianguke. Alipowaona wenzake aliniachia, akakimbia. Hakugeuka. Ni vizuri.

Zainabu alipiga simu saa nne. Yuko Mchinga. Watoto nyuma yake walipiga kelele hata hatukusikilizana. Nyumba ameifunga. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Nimeosha kikombe. Theluji imeanza tena, nyepesi, haina sauti.

Sitarudi Kilwa.