Viduara vya Mke Wangu Vimeonekana kwa Jirani

Mpendwa Mama Eliaichi, mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na barua hii nimeileta kwa mkono hadi ofisi ya gazeti lenu hapo Moshi mjini kwa sababu posta ingechukua muda na moyo wangu hauwezi kungoja.

Mimi ni mwanaume wa Kilema, nina mke wangu wa ndoa ya kanisani, Mektrida, na binti yetu Violet anayesoma darasa la pili, na nasema kweli mbele ya Mungu kwamba tuliishi kwa raha hadi tulipopata ng'ombe. Kahawa ilipoanza kutulipa kiduchu niling'oa mibuni ya upande mmoja wa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikapanda majani ya malisho, na parokia ikatupa mtamba wa kisasa kwa ule mradi wao, kwamba ukipewa ng'ombe basi ndama jike wake wa kwanza unampa jirani aliye kwenye zamu baada yako, naye atafanya hivyo hivyo kwa mwingine, na kwa bahati yangu mbaya aliyekuwa kwenye zamu baada yangu ni Fabian.

Huyu Fabian hajaoa hadi leo, anaimba kwaya moja na mke wangu, na ni mtu wa kuchekesha, yaani akina mama wakimwona tu wanaanza kucheka hata hajafungua mdomo, jambo ambalo silipendi lakini nilikuwa nanyamaza.

Ndama alizaliwa mzuri, mweusi mwenye mabaka meupe, ingawa baadaye alitoka vipara vya kijivu vya mviringo kuzunguka macho na masikio, nikasema huo ni uchanga, akikua vitaisha. Mektrida alimpenda kupita kiasi, asubuhi na jioni mkono mmoja unamkumbatia shingo, mkono mwingine unamshikia ndoo ya maziwa, na juu yake anamsemesha maneno ambayo mimi mwenyewe sijaambiwa tangu harusi. Siku ya kumkabidhi kwa Fabian padre alikuja akabariki, tukanywa mbege, tukaanza kuteremka naye, ndama akafika kwenye mfereji akagoma kuvuka, basi mimi kwa furaha zangu nikainama nikambeba shingoni ingawa alishakuwa mzito, nikavuka naye, watu wakapiga vigelegele, nikajiona mwanaume kwelikweli, kumbe nambebea adui yangu.

Haukupita muda Mektrida akatokwa na kiduara kwenye shavu la kulia, kingo zake zimeinuka na zina magamba, katikati ngozi kama imepona, na kinawasha hadi anajikuna usingizini, kikafuata kingine shingoni na vingine viwili upande wa ndani wa mkono. Mimi kama mume nilihangaika, nikamnunulia tyubu kwa muuza dawa mmoja wa mnadani aliyeniambia hiyo ni kiboko ya kila kitu cha ngozi, na kweli muwasho ukakata, nikajisifu sana, halafu kiduara kikaanza kutanuka hadi karibu na sikio. Dada yangu akashauri apakwe maji ya betri, mke wangu akakataa katakata, nami nikaona kumbe hataki kupona.

Hapo nilikuwa bado sijashuku chochote. Jumapili moja kwaya imesimama, Fabian akageuza uso kutafuta ukurasa, na mimi nimekaa benchi la tatu, Mama, nikaona kwa macho yangu haya kwenye shavu lake la kushoto kiduara kile kile, na kingine shingoni. Cha mke wangu kiko kulia, cha kwake kiko kushoto, vinaingiana kama mlango na fremu yake! Mahubiri ya siku hiyo sikusikia hata neno moja, nilitoka kanisani sijui hata kama nilipokea sadaka au nilitoa.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza Mektrida, nimesimama mlangoni, "Umekuwa ukikumbatiana na nani?" Akanijibu, "Na ndama wako, nani mwingine alikuwa ananisubiri kila asubuhi?" halafu akacheka, akaendelea kumenya ndizi. Akacheka, Mama! Nikaona hapa nimeshadharauliwa.

Tangu siku hiyo nimehamia sebuleni, nalala kwenye kochi miguu inaning'inia, na mtori anaoniwekea mezani siugusi mbele yake, nangoja aende kukata majani ndiyo nile. Nimepeleka ujumbe kwa baba mkwe, Mzee Antoni, na kwa kaka yangu Ildefonce, waje Jumapili hii baada ya misa ya pili, tukae kikao, binti yake arudi kwao. Violet analia, anauliza kama na ng'ombe ataondoka na mama yake, na huyo naye kichwani ana mapunye, nywele zimekatika sehemu mbili, lakini hayo ni mambo ya watoto. Mimi mwenyewe ni mzima wa afya, isipokuwa kola ya shati langu la mitumba inaniwasha sana nyuma ya shingo, na kwa mawazo niliyonayo sijapata hata nguvu ya kubadili shati.

Nampenda mke wangu, Mama, hilo ndilo linaloniua. Nyumba bila kicheko chake siijui itakuwaje, ingawa kicheko chenyewe ndicho kilichoniudhi. Nifanye nini? Na je, hospitali hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha ugonjwa wa ngozi wa mwanamke umetoka kwa mwanaume gani?

Ni mimi mwenye majonzi,
Sirili, Kilema

*

Marahaba, Baba Violet. Pole kwa kochi. Barua yako nimeisomea hapa ofisini kwa sauti, na mpaka sasa naandika huku nafuta machozi, na si machozi ya huzuni. Majina yenu nimeyabadilisha yote, ingawa Kilema nzima itajua ni nani aliyevuka mfereji na ndama shingoni.

Nimetibu ngozi za watu kwa miaka mingi kabla sijapewa ukurasa huu, na sijawahi kuona mgonjwa aliyejieleza vizuri namna hii bila kusikia anachosema. Kiduara, kingo zimeinuka, magamba, katikati pamepona, muwasho: hicho ni choa, baba. Choa ni fangasi. Na vile vipara vya kijivu vya ndama, kuzunguka macho na masikio, ulivyosema ni uchanga, ni choa hicho hicho. Kinatoka kwa mnyama kwenda kwa mtu kwa kugusana, hasa kwa ndama, kwa sababu ndama kila mtu anataka kumshika.

Sasa mtazame mkeo vizuri, maana naona umemtazama kwa hasira tu. Shavu, shingo, upande wa ndani wa mkono. Simama, nyoosha mkono, mkumbatie ndama wa hewa umnyweshe maziwa, halafu niambie ngozi yako inamgusa wapi. Umepaona? Sisi wa ngozi, kitu cha kwanza tunachouliza ni ugonjwa umekaa wapi, kwa sababu mara nyingi mahali ndipo panapotaja chanzo. Mkeo alikutajia chanzo hicho kwa mdomo wake. "Na ndama wako." Ulipewa jibu sahihi, bure, na mtu anayemenya ndizi, ukahamia sebuleni!

Na Fabian? Kapewa ndama yule yule mwenye choa. Hana mke, hana mtoto, ana ndama. Ulitaka amkumbatie nani?

Halafu hiyo habari yako ya mlango na fremu. Mwite kaka yako Ildefonce mkumbatiane uso kwa uso. Shavu la kulia litakutana na la kulia, kushoto na kushoto. Cha mkeo kiko kulia, cha Fabian kushoto. Hata ushahidi wako mwenyewe umekukataa, bwana.

Kipimo unachoulizia kipo, ila si cha kutafuta wanaume. Hospitali wanakwangua magamba kidogo pembeni ya kiduara, wanayatazama kwa darubini, wanaona fangasi. Darubini haijui ndoa za watu.

Tuje kwenye dawa, na hapa sichezi. Ile tyubu ya mnadani itupe leo. Krimu za namna hiyo zenye nguvu ya kutuliza muwasho zinainyamazisha ngozi tu, fangasi wanabaki chini wanakula kwa amani, ndiyo maana kiduara kilitanuka. Maji ya betri ni ya gari, mwambie dada yako hivyo kwa heshima zote. Yanachoma ngozi yanaacha kovu, na Mektrida alikataa kwa sababu ana akili. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya kupulizia kahawa nazo zisiguse ngozi ya mtu, maana nawajua watu wangu wa mlimani, tukikosa dawa ya binadamu tunafungua stoo.

Nenda duka la dawa linaloeleweka, omba krimu ya fangasi iitwayo klotrimazoli, au ile ya zamani ya Whitfield, ingawa hiyo usoni inaweza kuchonyota. Mahali paoshwe, pakaushwe vizuri, krimu ipakwe asubuhi na jioni ikivuka kidogo ukingo wa kiduara. Kiduara kikipotea msiache, endeleeni kama wiki mbili, kwa sababu wengi huacha mapema, kikirudi wanasema wamelogwa. Kama baada ya mwezi hakuna nafuu, au panatoa usaha, muoneni daktari.

Violet ni habari nyingine. Mapunye yake si "mambo ya watoto", ni ndugu wa choa cha mama yake, na krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele. Mpeleke zahanati apewe vidonge kulingana na uzito wake, na avimalize vyote hata nywele zikianza kuota. Taulo, kitana, kofia na kitambaa cha kichwa kila mtu awe na chake, vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mtoto asichekwe wala asitengwe. Mwambie pia mama yake hatoki na ng'ombe hatoki.

Muiteni bwana mifugo amtazame ndama kwa Fabian na mama yake kwako, maana vimelea vya choa vinakaa muda mrefu kwenye mbao na nguzo za banda. Toeni samadi, sugueni banda, liingie hewa na jua. Anayehudumia avae shati la mikono mirefu la bandani tu, na akitoka anawe mikono kwa sabuni. Kumkumbatia ndama kusubiri mpaka apone. Najua itakuwa ngumu kwa Fabian, mpe pole yangu.

Na naona kwenye barua yako yote aliyekuwa anakata majani ni Mektrida, anayemnywesha ndama Mektrida. Wewe kazi yako bandani ni ipi, kando ya kuona viduara? Hilo nalo mlizungumze.

Sasa kikao. Usikiahirishe! Mzee Antoni ameshaambiwa, na baba mkwe hageuzwi njiani kama kifurushi. Badili ajenda tu. Tafuta mbege ya kutosha na mbuzi kama uwezo upo. Kata jani la isale pale kwenye mpaka wa kihamba chako, umpelekee mkeo mkononi mbele ya baba yake, useme nimekosa. Unajua mwenyewe kwamba anayeombwa msamaha kwa isale hakatai. Halafu nenda ukamwite Fabian kwa miguu yako, umweleze kilicho shavuni mwake na dawa yake, na ukae naye mle sahani moja. Akikuchekesha, cheka.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna kola. Shati linakuwasha nyuma ya shingo, sivyo? Pale pale alipolala ndama ulipovuka naye mfereji? Si shati, Sirili. Na kwa sheria ile uliyomtungia mkeo, nieleze wewe sasa, kikao kikiwa kimekaa na Mzee Antoni akisikiliza, ni nani amekuwa akikukumbatia shingoni.

Gazeti hili linatoka Ijumaa, una Jumamosi nzima. Nunua tyubu ya klotrimazoli. Wewe nyuma ya shingo hupaoni, na hata ukipafikia kwa kidole utapaka kola. Nenda jikoni, mpe Mektrida hiyo tyubu, mgeuzie mgongo, uiname. Akicheka, baki umeinama mpaka amalize kupaka.