Kengele ya Nta ya Fundi Tadjiddine Boinali

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu ile Jumatano uliyoomba chai, ukaambiwa maji bado, ukasema, "Basi nitasubiri." Hukusubiri.

Habari kwanza, maana wewe ulikuwa huwezi kutia tonge mdomoni kabla hujapewa habari. Hadjira kajifungua mapacha! Wa kike wote wawili, na mmoja kachukua masikio yako, pole yake. Paa la jikoni tumebadilisha, mvua hainyeshei tena kwenye sufuria. Ba'mdogo Soulé yuko Unguja, hajambo, na ndiye atakayepeleka tangazo hili gazetini huko, ndiyo maana limeandikwa kwa Kiswahili: walisome na ndugu wote tuliotawanyika nao tulipohama Mahajanga ule mwaka wa sabini na saba. Nakala ya Kimalagasi itasomwa hapa Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, siku ya dua yako, mbele ya watu, kwa sauti. Na Koultoum, kitindamimba wako, kamaliza chuo. Diploma anayo, ina muhuri mwekundu mkubwa kama sahani. Yeye ndiye aliyeshika kalamu hapa, kwa sababu ndiye msomi, na kwa sababu nyingine ambayo amezunguka na mapacha na paa ili asiifikie.

Tunakukumbuka mikono, Baba. Hata ukioga mara tatu ilikuwa inanukia sandarusi. Tunakukumbuka ulivyokuwa ukiingia kwenye nyumba ya watu, kabla hujaketi umeshaiinamia redio yao na kuuliza, "Huyu anaumwa nini?" Ukitoka imepona, na ukipewa kitu unasema utachukua siku nyingine. Tunakukumbuka ulivyozisemesha mashine pale kwenye kinu cha mpunga: "Taratibu, bibie, taratibu." Mama alikuwa akisema, laiti angesemeshwa yeye hivyo.

Pale kinuni ndipo kengele yako ilipozaliwa. Vijana hawajui, tuwaeleze. Mashine ya kukoboa ina ekseli, na ekseli inazunguka ndani ya beringi. Beringi ikikosa grisi inapata moto, na pumba zilizo karibu zinashika. Ndivyo alivyoungua mkono fundi mwenzako Msaidié, kutoka kiwiko hadi kiganjani. Ulimpeleka hospitali, ukarudi, ukaitazama ile beringi siku nzima bila kusema na mtu. Siku ya pili ukachukua sufuria la uji la Mama.

Likageuka sufuria la nta kwa miaka miwili. Kidude chenyewe kilikuwa kama kidole gumba: kopo la shaba, ndani yake springi imebanwa chini kwa nta. Unalikaza juu ya beringi. Joto likizidi, nta inayeyuka, springi inaruka, nyaya mbili zinagusana na kengele inalia. Watu wanazima mashine kabla ya moto. Basi! Lakini nta tupu ilikuwa inalainika kwa joto la mchana tu, kengele ikawa inalia ovyo, mwenye kinu akakuambia, "Tadjiddine, hii ni mashine ya mpunga, si harusi." Ni Msaidié, kwa ule mkono wake wa makovu, aliyeleta sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti. Mkachanganya, ikagoma. Mkachanganya tena, ikagoma. Mpaka mkajua siri: sandarusi kwanza iyeyuke peke yake mpaka povu litulie, ndipo nta iingie, na kwa vipimo vile vile, si zaidi. Tangu siku ile kengele haikulia bila sababu. Ililia mara nne tu, na mara zote nne ilisema kweli.

Mkakubaliana muombe hataza, ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani na fulani, asikitengeneze mwingine bila ruhusa yao. Wewe uliiita "breve", kama Wafaransa. Majina mawili: Tadjiddine Boinali na Msaidié. Ulisema hata kama atasaini kwa dole gumba, jina lake litakuwa juu sawa na lako.

Sasa tumefika, Koultoum, andika.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na saba. Ulikuja Mahajanga kununua shaba, ukamkuta bintiyo chuoni, mkaenda kula mishikaki kule ufukweni. Ukamweleza yote, ukamchorea na kwenye karatasi ya mishikaki. Kisha ukasema, "Hili ni letu watatu, mimi, Msaidié na wewe. Usilitoe mpaka karatasi zirudi."

"Mimi, Baba? Mdomo wangu umeshonwa."

"Kwa uzi gani?" ukauliza, ukacheka mpaka mwenye mishikaki akageuka.

Koultoum alikaa na siri hiyo siku kumi na moja. Kwake yeye hiyo ilikuwa miaka. Alikuwa anaamka nayo, anaingia nayo darasani, imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Halafu wenzake waliokuwa wakitoa jarida la wanafunzi, kurasa nane za fotokopi, wakaja wakilia kwamba ukurasa wa tano hauna kitu. Akasema, "Nipeni mimi." Hakufikiri, Baba. Aliandika kwa pumzi moja: fundi wa Nosy Be, ambaye ni baba yake mzazi, kabuni kitu! Na kwa kuwa mwalimu wao alikuwa akisisitiza kwamba makala bila maelezo kamili ni porojo, akaweka yote. Kopo, springi, sandarusi kwanza, povu litulie, nta baadaye, vipimo, na mchoro. Jarida likatoka mwezi wa tatu. Akakutumia nakala moja kwa posta, na busu pembeni.

Mama anakumbuka ulivyolisoma. Ulilisoma umesimama, ukakaa, ukalisoma tena, ukasema, "Huyu mtoto!" Kisha ukacheka ukampelekea na yeye, ambaye hasomi Kifaransa, ili alitazame jina. Mwezi wa tano mkapeleka ombi la hataza.

Likakataliwa. Msaidié akakuuliza kwa nini, ukamjibu, "Wamekataa tu."

Mwaka uliofuata mwenye kinu akapokea sanduku kutoka Mahajanga. Karakana moja ya huko ilikuwa inauza kengele za beringi: kopo la shaba, springi, nta na sandarusi. Msaidié alilifungua sanduku lile kwa mkono wake ulioungua. Akakufuata mbele ya watu wote wa kinuni.

"Umeuza?"

"Sikuuza."

"Basi wamejuaje? Wameota?"

Ukanyamaza. Ungeweza kumjibu kwa neno moja, Baba, nalo ni jina la mtoto wako. Ukanyamaza, na kunyamaza kwako wakakuhesabia kuwa ndiyo. Tangu siku ile Msaidié hakukuitikia salamu ya "mbola tsara" hata njiani. Watu wakasema Tadjiddine kamla mwenzake. Mama sokoni akawa anapishwa kama mwenye ndui.

Na Koultoum? Yeye alizikuta kengele zile dukani Mahajanga akaruka kwa furaha! Akakupigia simu pale dukani kwa Mhindi akipiga kelele, "Baba, wamekuiga! Umekuwa maarufu!" Ukasema kwa sauti iliyofifia, "Soma tu, mwanangu." Anaikumbuka ile "soma tu" kila siku. Siku ile alidhani ni laini ya simu mbovu.

Ulipofariki, Msaidié alisimama nje ya uzio. Hakushika jeneza. Wiki tatu baadaye Mama akampa Koultoum bahasha zako zote atafute karatasi za pensheni. Akaipata barua ya ofisi ya hataza. Ilisema kwa adabu kwamba kitu kilichokwisha kuwekwa wazi mbele ya watu hakipewi hataza tena, na kwamba chenu kimechapishwa chote mwezi wa tatu, kabla ya ombi, "kama inavyoonekana katika jarida uliloambatanisha wewe mwenyewe."

Wewe mwenyewe! Ulilitia kwenye bahasha kwa fahari, ili waone kwamba hata chuo kimekubali. Na walikurudishia, limebanwa kwa pini nyuma ya barua. Kwenye mchoro wa Koultoum ulikuwa umesahihisha kwa penseli, maana springi aliiweka juu chini.

Tunakiri na hili, kwa sababu ameamua kukiri yote. Aliposoma maneno "wewe mwenyewe", alifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili alifurahi, akasema moyoni, kumbe ni Baba. Kisha akakumbuka mishikaki, na uzi, na kwamba wewe hukupeleka ila alichokwisha kukitangaza yeye. Akaikunja barua akaitia kwenye mkoba wake. Akamwambia Mama karatasi za pensheni zimepatikana, nyingine ni takataka.

Miezi kumi alikaa nayo. Aliyeshindwa siri yako siku kumi na moja, yake aliiweza miezi kumi.

Alimwambia Mama mwezi uliopita, wanachambua mchele, alipoanza Mama kutaja nani wa kualikwa kwenye dua na nani hatakuja. Mama aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimepita sokoni nimeinamisha kichwa kwa ajili ya mdomo wako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

"Na akalala hapa ubavuni mwangu, kila siku, hasemi!" Mama alikuwa amekukasirikia wewe kuliko mtoto, usidhani umepona. Siku tatu hakumsemesha Koultoum. Siku ya nne asubuhi akamwekea kalamu kwenye sahani ya mihogo. "Ulijua kuandika lile la kwanza. Andika na hili. Lakini kwanza nenda Ambanoro."

Ambanoro ndiko anakokaa Msaidié siku hizi, anatengeneza mashine za boti. Koultoum alimkuta amekaa juu ya ndoo na plagi ya mashine mdomoni. Msaidié alimtazama akaitoa plagi.

"Mwana wa tajiri kaja."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kununua nini? Mimi siri sina tena."

Koultoum alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima. Yakakimbia yote. Akampa barua na jarida, na kwa kuwa Msaidié naye Kifaransa chake ni cha kuagiza spea tu, ikabidi amsomee. Hebu fikiri, Baba, kusimama juani ukayasoma makosa yako kwa sauti, ukiyafasiri neno kwa neno, na kila ukitaka kuruka mstari mtu anayefuata macho yako anasema, "Hapo umeruka." Alipofika kwenye sandarusi na povu, Msaidié akanyoosha mkono wake wa makovu, akachukua jarida, akalitazama lile neno asiloweza kulisoma.

"Uliandika na jina langu?"

"Hapana, mjomba. Niliandika la Baba tu."

"Hata kwenye kosa sikutiwa," akasema. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Kisha akauliza, "Nilipomwuliza pale kinuni, alikuwa tayari ana barua hii?"

"Alikuwa nayo tangu mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia."

Msaidié akaanza kuisugua ile plagi kwa msasa. Alisugua mpaka Koultoum akadhani mazungumzo yameisha.

"Nilimwita mwizi," akasema. "Mbele ya watoto wake wa kazi. Akaniangalia hivi, kama mtu anayekuomba umsaidie kubeba kitu. Mimi nikatema mate." Akasugua tena. "Na siku ya maziko nikasimama nje kama mbuzi."

"Mjomba, nisamehe."

"Wewe bado. Usiniharakishe. Wewe umezoea mambo ya haraka." Akairudisha plagi mahali pake, akaikaza. "Hilo tangazo mnalotoa, mnaweka majina mwishoni?"

"Ndiyo."

"Weka langu."

"Niandike rafiki yake?"

"Rafiki nani? Urafiki niliutema pale kinuni. Andika mwenzake wa kazi. Hilo hata mimi siwezi kulifuta. Na siku ya dua utasoma wewe, si imamu wala Hadjira. Wewe, na nitakuwepo, na ukiruka mstari nitakuambia."

Basi ndiyo habari, Baba. Hatukuweza kukurudishia karatasi yako, haiwezekani tena. Karakana ile inauza, vinu vinanunua, na labda mahali tusipopajua mkono wa mtu umebaki mzima kwa sababu ya sufuria la uji la Mama. Koultoum anajaribu kufurahia hilo. Bado hajaweza. Anasema akiweza mapema atakuwa amekudhulumu mara ya pili.

Wasomaji wa gazeti na watu wa Dzamandzar, tunaomba mlisikie hili kutoka kwetu: Fundi Tadjiddine Boinali hakumuuza mwenzake, wala hakupokea chochote kwa mtu yeyote. Siri ya kengele ilitolewa na bintiye, Koultoum, kwa mkono wake, naye Fundi alinyamaza ili mtoto asomeshwe bila kunyooshewa kidole. Aliyemsema vibaya na amwombee.

Unakumbukwa na mkeo Zalifa, ambaye ana maneno yako ya kukwambia mtakapoonana, mdogo wako Soulé, Unguja, binti yako Hadjira na mapacha wake ambao hukuwaona, Msaidié wa Ambanoro, mwenzako wa kazi, na Koultoum.

Hukuuza, Baba. Siku zote tutakukumbuka hivyo.