Jina la Deo, mwezi wa marehemu

Milanzi, Jumamosi 31 Oktoba 1992

Usingizi hauji. Kesho jumuiya yetu ya kanisa inakusanya majina ya marehemu wa kuombewa Novemba, na baba Deo anataka tuandike na la mwanetu. Tangu aende machimbo ya Chunya, miaka miwili iliyopita, wachimbaji wadogo waliporuhusiwa kuuza dhahabu, hatujapata hata salamu.

Leo jioni aliniambia, "Mama Deo, tuiombee roho yake. Angekuwa hai angeleta neno."

Nikampakulia ugali.

Skola, mdogo wake Deo, alikuwa akisoma jiografia kwa sauti, habari za mlima wa moto kwenye kisiwa cha mbali kisicho na watu. Milipuko yake inajulikana kwa sababu mabaharia waliopita waliandika walichokiona.

Nikamuuliza, "Na miaka ambayo meli haikupita?"

"Kwenye orodha hapo pameachwa wazi, mama."

"Hawakuandika kwamba ulizimika?"

"Wangejuaje, na hawakuuona?"

Baba yake akaacha kula.

Ee Mungu, pengine roho yake inaihitaji sala hiyo, na mimi mama yake ndiye ninayemnyima. Kama nakosa, unisamehe. Kesho nitaandika babu na bibi zake tu. Deo nitamwombea pamoja na wasafiri.